Mzee Siamini na Mlango Usiokuwepo

Leo, tarehe thelathini, kazi zitakapofungwa saa kumi jioni, Mzee Siamini atazima kompyuta yake na kustaafu baada ya miaka ishirini na minane ya utumishi. Yeye mwenyewe bado hajakubali. Alikwenda ofisi ya utumishi akaomba aonyeshwe tarehe hiyo kwa macho yake, akarudi tena kuuliza ni nani aliyeiandika, na wiki iliyopita alimnong'oneza mpishi wetu kwamba hafla hii huenda ni mbinu tu ya kumtoa chumbani ili watu wapekue droo zake. Mpishi akamwambia, "Mzee, droo zako zina nini zaidi ya betri zilizokufa?" Naye akajibu, "Ndivyo wanavyotaka ufikiri."

Mimi ni wa dawati la simu. Wasifu huu nimepewa mimi niuandike na niusome, kwa sababu walisema mimi ndiye mtu pekee hapa kazini ambaye Mzee aliwahi kumwachia ufunguo wake. Kusoma kwangu hakukufika mbali, kwa hiyo mambo ya mashine nitayasema jinsi nilivyoelezwa, na wataalamu watanistahimili.

Mzee aliingia hapa akiwa fundi redio. Kampuni yote wakati ule ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la rangi, na harufu ya rangi ilipanda ngazi kila asubuhi kabla ya wafanyakazi. Walikuwa wakitengeneza vifaa vya kukaa ndani ya friji za dawa, vipime joto na kutuma habari ofisini. Kumbukumbu ya vifaa hivyo, yaani nafasi ya kushikia mambo kwa muda, ilikuwa finyu mno. Picha ya mwanao isingeingia humo hata sikio lake. Mtandao nao ulikuwa wa kusuasua. Watengeneza programu wakawa wanakilazimisha kifaa kutuma maneno marefu, joto la friji ni kadhaa, hali ya betri ni kadhaa, na kifaa kinazimia katikati ya sentensi. Fundi redio akatazama yale maneno, akasema, "Siamini kama haya yote yanahitajika." Jina likamganda hapo hapo.

Kutokana na kutokuamini huko akatengeneza Mkoba.

Ndugu zangu wa jikoni na wa usafirishaji, Mkoba ni maktaba, lakini si chumba cha vitabu. Ni programu aliyokwisha kuiandika mtu, na mtengeneza programu mwingine anaichukua akaitumia badala ya kuanza mwanzo. Kazi yake ni kufungasha. Habari zilizotawanyika ndani ya mashine zinapangwa mstari mmoja, zinabanwa, zinasafiri, na huko ziendako zinafunguliwa zikiwa zilezile. Badala ya kuandika "joto la friji" kila mara, Mkoba unaandika namba 2 tu, kwa kuwa anayetuma na anayepokea wamekubaliana kwamba 2 ni joto. Na anayepokea hamwagi kila kitu sakafuni ndipo atafute anachokitaka. Anatia mkono kwenye mfuko wake, anachukua, basi. Ndiyo maana hata kifaa chenye kumbukumbu ya kubana hakilemewi.

Na ushuku wa Mzee umo humo ndani. Kifurushi kinaweza kufika kikajitangaza kwamba kimebeba vitu milioni. Programu nyingine zinakimbia kutenga nafasi ya vitu milioni, zinajaa, zinaanguka chali. Mkoba unapima kwanza kifurushi chenyewe. Mzee alinifafanulia hivi: mgeni akipiga simu kwamba anakuja na watu arobaini, usitandike mikeka kabla hujachungulia usafiri wake, huenda yuko peke yake juu ya baiskeli.

Siku hizi Mkoba unatumiwa na watengeneza programu wa nchi ambazo Mzee hajazikanyaga. Wengine wanamwandikia kumshukuru, naye anawashuku wote. Mmoja alimsifu kurasa mbili nzima, Mzee akamjibu kwa swali moja, "Unauza nini?" Mkewe anasema hata posa ilipokubaliwa, kesho yake alirudi kuuliza kama jibu bado ni lilelile.

Sasa ule ufunguo. Niliporudi kazini baada ya kujifungua, dada yangu alikuwa akiniletea mtoto saa ya kunyonya, na mahali pa kumnyonyeshea hapakuwapo. Nikawa najibanza stoo ya karatasi. Mzee aliona mlango wa stoo unafungwa kila asubuhi saa ileile, akajua kuna mtu anaiba karatasi za kampuni. Akanivizia nje. Nilipotoka na mtoto kifuani alimtazama muda mrefu, jinsi anavyotazama kifurushi kisicho na anwani, kisha akauliza, "Huyu ndiye anayekula karatasi?" Kesho yake akanipa ufunguo wa chumba chake. Asubuhi zote hizo yeye alikaa kwenye ukumbi wa nje juu ya kigoda, kompyuta magotini, akimuuliza kila apitaye, "Unakwenda wapi?" Hata meneja aliulizwa. Hata meneja alijieleza.

Lakini miezi hii ya mwisho haikuwa ya kucheka, na sitaipita kimya kimya kwa kuwa leo kuna keki.

Mtu wa namna yake anapokaribia kuondoka, watu wanaanza kunong'ona. Ataondoka na nini? Ameficha nini ndani ya Mkoba ili tumrudie kwa magoti? Mkuu wa watengeneza programu, ambaye nyote mnamwita Spidi naye anaitika, alianza kumwomba nywila mojamoja. Mzee alikuwa akimpa huku akimkazia macho, na Spidi alikuwa akiijaribu kila moja mbele yake. Kwenye chai watu walinyamaza Mzee akiingia. Siku moja alikwenda chooni, na aliporudi alikuta fundi ameshabadilisha kitasa cha chumba chake. Akatia ufunguo wa zamani, haukuzunguka. Sote tulikuwa tunachungulia kutoka kwenye meza zetu. Akasema, "Vizuri. Sasa mmeanza kujifunza." Watu wakacheka. Mimi niliona mkono wake umebaki kwenye kile kitasa kitambo kidogo.

Ni katika siku hizo lilipoingia jambo la friji.

Kuna zahanati moja ya mbali ambayo ni mteja wetu. Dawa na chanjo zake zinatunzwa na mama mmoja. Hapa tumuite Mtunza Dawa. Baada ya Spidi kutoa toleo jipya la programu yetu, skrini ilianza kuonyesha kwamba friji ya zahanati ile inafunguliwa mchana, mara nyingi, saa ambazo hakuna mgonjwa anayedungwa sindano. Mkuu wa zahanati akafanya hesabu yake kichwani: anayefungua friji bila mgonjwa anatoa chanjo kuziuza. Akaitisha kikao cha Ijumaa. Mtunza Dawa alikuwa afukuzwe kazi, na pamoja na kazi angeondoka kwenye nyumba ya zahanati anamoishi na wanawe.

Alipiga simu kwangu. Sikuwa mtu wa kumsaidia, lakini namba iliyobandikwa kwenye kifaa ni ya dawati langu.

"Dada, mashine yenu inanisingizia."

Nikamwambia maneno niliyofundishwa kuwaambia wateja, kwamba vifaa vyetu vimehakikiwa.

"Vimehakikiwa na nani? Mimi mlango ule naufunga kwa kitambaa. Umeme ukikatika nazungusha kitambaa kwenye mpini napiga fundo, mtu asifungue baridi ikatoka. Fundo langu nalijua. Jioni nalikuta vilevile."

Nyuma yake mtoto alikuwa analia kile kilio cha usingizi, na maziwa yangu yakashuka hapo hapo nilipokaa. Hilo haliandikwi kwenye taarifa ya simu. Niliandika tu: mteja amekana.

Nikampelekea Spidi. Akasema, bila ubaya, kwamba kila mwizi ana fundo lake, na anayejua kufunga anajua kufungua. Na tena, akaongeza akitazama chumba cha Mzee, kama kweli mashine ina kasoro, basi tujiulize vizuri. "Mtu anaondoka, vifaa vinaanza wazimu. Jumlisheni wenyewe." Maneno hayo yalimfikia Mzee kabla ya chai ya saa nne. Hakuuliza nani kasema, na hapo ndipo nilipojua yamemuuma.

Nilimfuata nikamweleza habari za Mtunza Dawa. Nilidhani ataniambia kwamba anamwamini yule mama. Alisema, "Simwamini. Simjui. Lakini na mashine siiamini vilevile. Basi tuanze kuishuku mashine, maana yenyewe haina watoto."

Akanipa maswali mawili nikayaulize. Nilimpigia Mtunza Dawa, naye sasa alikuwa ameshachoka na watu.

"Mnanitega? Nimeulizwa na mkuu, nimeulizwa na mlinzi, jana usiku nimeulizwa na mume wangu. Sasa na wewe?"

"Mama, ni swali dogo. Umeme kwenu unakatika saa ngapi?"

"Mchana. Kila siku inayoitwa siku."

"Na kile kifaa ndani ya friji kina rangi gani?"

Akajibu kama mtu anayetafuta mtego uko wapi. "Cha kijivu. Kwani kuna rangi ya kuibia?"

Niliporudi na neno "kijivu", Mzee alisimama. Vifaa vya kijivu ni vile vya zamani. Kampuni nzima tuliamini kwamba vyote vilikwisha kubadilishwa, tukaweka vyeupe. Na kifaa cha kijivu hakina kidude cha kutambua mlango. Hakijui mlango ni nini.

Akaomba ufunguo mpya wa chumba chake, akafungua kabati, akatoa kifaa cha kijivu na betri moja kutoka droo ile ile ambayo baadaye mpishi angeicheka, betri inayokata roho. Akaviunganisha, akaviweka juu ya meza ya mikutano, akawaita Spidi, meneja na yeyote aliyekuwa karibu. Hakukuwa na friji mle chumbani. Kulikuwa na meza, viti na sahani ya biskuti. Tukasubiri. Spidi alikuwa anaanza kutazama saa yake, mara skrini ya ukutani ikaandika: MLANGO WA FRIJI UMEFUNGULIWA.

Meneja akasema, "Mlango gani?"

Spidi aliketi taratibu, akaweka mikono usoni, maana alikuwa ameshaelewa.

Ilikuwa hivi. Zamani namba 6 kwenye Mkoba ilikuwa na maana ya "betri dhaifu". Baadaye hali ya betri ikapewa namba nyingine yenye maelezo zaidi, na 6 ikabaki tupu. Namba ndogo zinachukua nafasi ndogo kwenye kifurushi, na hilo Spidi alifundishwa na Mzee mwenyewe. Kwa hiyo alipohitaji namba ya kutangaza mlango kwenye vifaa vyeupe, alifurahi kuikuta 6 imekaa bure, akaichukua. Hakujua kwamba huko mbali kuna kifaa cha kijivu ambacho hakijapata habari. Kila umeme ulipokatika, betri yake ililegea, nacho kikalia kwa namba iliyofundishwa zamani: sita, sita, sita. Kikasema nimechoka. Sisi tukasikia kuna mwizi.

Nilingoja Mzee amseme Spidi. Alikuwa na haki, baada ya yale ya nywila na kitasa. Alivuta kiti akakaa karibu naye. "Nani alikuruhusu kuichukua?" akauliza. Spidi akasema hakuna. "Yuko. Mkoba ulikuruhusu. Nimeuandika uwe unashuku kila kinachotoka nje, nyinyi wa ndani nikawaachia mfanye mtakavyo, nikadhani mtakumbuka. Mahali pamoja tu niliamini, na tazama."

Meneja alitaka jambo lirekebishwe kimyakimya. Spidi abadilishe namba jioni ile, skrini itanyamaza, na mteja hana haja ya kujua. Aliitetea hoja hiyo vizuri, akataja mkataba, akataja jina la kampuni. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho kisha akauliza, "Na yule mama?" Meneja akasema milango ikiacha kufunguka, watamwacha. "Watasema ameogopa akaacha kuiba," Mzee akasema. Akanigeukia mimi. "Binti, nipigie zahanati. Weka sauti kubwa."

Mkuu wa zahanati hakuamini. "Mnamlinda kwa nini? Ni ndugu yenu?" Mzee akamwambia, "Una sababu ya kutuamini? Huna. Kifaa kiko kwako. Kitoe mwenyewe ndani ya friji, uje nacho mwenyewe." Na yule bwana, nadhani kwa kiburi tu cha kutaka kutuumbua, akaahirisha kikao akaja.

Alikaa mwisho wa meza bila kugusa chai yetu. Alikataa betri zetu, akatoka akanunua zake, akazichosha kwenye tochi yake mwenyewe mpaka mwanga ukawa wa njano. Kifaa alikishika mkononi. Hakutaka kukiweka mezani tukakifanyia mchezo. Skrini ilipoandika kwamba friji ya zahanati yake imefunguliwa, alitazama mkono wake, akatazama skrini, akatazama tena mkono. Friji ilikuwa safari ya siku nzima kutoka hapo. Mwishowe akaomba maji.

"Sasa yule mama nitamwambiaje?" akauliza.

"Mwambie hukumwamini," Mzee akasema. "Halafu mwambie umeona."

Mtunza Dawa hakufukuzwa. Spidi alirekebisha namba siku ile ile, na siku zilizofuata nilipigia zahanati zote tunazozihudumia nikiuliza rangi, nikatukanwa na wachache, nikapata vifaa vingine vya kijivu ambavyo hatukujua kwamba bado vinaishi. Vyote vimebadilishwa. Mkataba haukuvunjwa. Meneja ameniruhusu niseme hivyo, na ameniomba niseme pia kwamba alikosea. Nimesema.

Kazi ya mwisho ya Mzee ilikuwa toleo jipya la Mkoba, na ameliandika pamoja na Spidi, bega kwa bega, kila mmoja akiushuku mstari wa mwenzake. Ukijaribu sasa kuipa maana mpya namba iliyowahi kuwa na maana nyingine, Mkoba unagoma, hata uwe nani. Spidi alijaribu kuudanganya akashindwa. Mzee akajaribu kwa hila zake zote akashindwa, akafurahi kama mtoto. Akaniita mimi nami nijaribu, kwa kuwa, alisema, wasiojua ndio wanaovunja vizuri. Ulinikatalia.

Mzee, tunakushukuru. Tunakushukuru kwa vifurushi vyote vilivyofika vikiwa vizima, kwa watengeneza programu uliowafundisha kubana bila kupoteza, kwa kigoda chako pale nje. Kuhusu kile kitasa, utumishi wameniambia niseme samahani kwa niaba ya kampuni. Mimi naisema kwa niaba ya sisi tuliokuwa tunachungulia.

Najua maneno ya hafla huyaamini nusu. Basi kuna mwanamke amekaa nyuma yako, kiti cha pili kutoka dirishani, mtoto mapajani. Ninavyokufahamu umeshamtazama kwa pembeni mara kadhaa tangu aingie, unajiuliza ni nani na kaletwa na nani. Hakuletwa. Alipiga simu kwenye dawati langu akauliza yule mzee wa maswali ya rangi anastaafu lini, akapanda basi jana asubuhi. Mlisikiana kupitia kwangu tu. Uso wako hajawahi kuuona, wala wewe wake.

Tunakutakia maisha mema, Mzee wetu, na usingizi wa mtu asiyelinda kitu. Tumekubaliana naye kwamba nikifika kwenye mstari huu atasimama. Geuka.